Taa Inapepesa, Mashine Imekufa

"Mwanangu, hii haijazima. Tazama mwenyewe."

Mzee wa kikundi cha wavuvi alikuwa ameshaondoa kitambaa anachofunikia kisanduku changu ili hewa ya chumvi isikitafune. Ndani yake taa ndogo ya kijani ilikuwa ikipepesa: mara mbili harakaharaka, kisha kimya, mara mbili tena, kimya. Nyuma yetu mama karanga wawili, wauzaji wa samaki wa kukaanga, walikuwa wakizozana na kijana wa friza juu ya kolekole waliolegea. Kazi ya kisanduku kile ni ndogo tu. Kinapima joto la friza kila dakika, kinaliandika kwenye kadi ya memori, na joto likipanda kinatuma ujumbe wa simu. Usiku ule stima ilikatika, friza ikazima, na ujumbe haukumfikia mtu yeyote. Rekodi ya mwisho kwenye kadi ilikuwa ya saa tisa na ushei usiku.

Na taa inapepesa.

Nikachomoa waya, nikachomeka tena. Mashine ikaamka kana kwamba haikutokea kitu. Mzee akaniangalia, akaniuliza swali nililoondoka nalo Ngomeni, nikapita nalo Gongoni na Mambrui, nikavuka nalo daraja la Sabaki, na nimekuwa nikilala nalo hapa Malindi kwa wiki kadhaa sasa:

"Kama taa haijui kuwa mwenyewe ameshakufa, imewekwa ya nini?"

## Taa ile inajua nini

Kisanduku ni kompyuta ndogo: kinaendesha mfumo wa Linux juu ya bodi ya bei rahisi. Taa haiwashwi na programu yangu. Inawashwa na kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa kipande kifupi cha kodi (maagizo ya programu) kinachoamshwa na saa ya ndani na kuiga mapigo ya moyo. Kasi yake inafuata mzigo wa mashine katika dakika moja iliyopita. Mzigo ukiwa sifuri, mzunguko mmoja wa mapigo huchukua milisekunde 1260. Mzigo ukifika 1 unashuka hadi 860, na ukifika 5 ni 510.

Asubuhi ile ilikuwa ikienda mbio.

Linux haihesabu mzigo kwa michakato, yaani programu zilizo kazini, inayotumia prosesa peke yake. Inahesabu pia ile iliyolala usingizi usiokatizika, ikingoja diski au kadi ijibu. Programu yangu iliomba kuandika, kadi ikanyamaza, programu ikaganda. Ile inayoandika kumbukumbu za mfumo nayo ikaomba, ikaganda. Moja baada ya nyingine zikapanga foleni mbele ya kadi isiyojibu, na kila iliyojiunga na foleni ikaupandisha mzigo, na kila mzigo ulipopanda taa ikazidi kukaza mwendo.

Yaani kadiri mashine ilivyozidi kufa, ndivyo taa ilivyozidi kuchangamka.

Taa haikudanganya. Ilikuwa ikisema kitu kimoja cha kweli, kwamba katizo la saa, ile ishara ya kuiamsha kerneli kila baada ya muda mfupi, bado linafika. Sisi ndio tuliokuwa tukiisoma kama cheti cha afya ya mwili mzima.

## Saa isiyoomba ruhusa

Dawa ya mashine inayoganda mbali na watu ni ya zamani, na chipu nyingi huja nayo ndani: saa ya ulinzi. Ni kaunta inayohesabu kurudi nyuma, mara nyingi kwa mapigo ya saa yake yenyewe isiyotegemea ya prosesa. Programu inapaswa kuijaza upya kabla haijafika sifuri. Ikifika sifuri, inauvuta waya wa riseti na kila kitu kinaanza upya. Haimuulizi mtu, na wala haitaki kerneli iwe na akili timamu. Kwenye Linux inaonekana kama faili, /dev/watchdog, na kuilisha ni kuliandikia faili hilo chochote.

Bodi yangu ilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba kerneli iliyokuja na bodi haikuwa na kiendeshi chake, yaani programu ya kuiwezesha kuitumia. Saa ilikuwepo ndani ya chipu, imeelezwa vizuri katika kitabu cha rejista, zile nafasi za chipu ambazo programu huziandikia kuiamuru, na hakuna kodi hata moja iliyowahi kuigusa. Basi nikaketi kuandika kiendeshi.

Kukiandika si jambo la kujitapa. Kerneli ina mfumo wa pamoja wa saa hizi. Unachojaza wewe ni jedwali la namna ya kuianzisha, kuisimamisha, kuijaza na kubadili muda, na yanayobaki yote yameshafanywa na waliotangulia. Kinachofurahisha ni namna chipu zenyewe zinavyojihami. Kwenye Raspberry Pi, kwa mfano, kila unachoandika kwenye rejista za saa hii lazima kibebe 5A katika baiti ya juu, la sivyo hakipokelewi. Sababu ni nzuri: programu iliyorukwa na akili, ikiandika ovyo kila mahali, isije ikaizima saa kwa bahati mbaya. Kaunta yenyewe ina biti 20 na inapiga mara 65,536 kwa sekunde, kwa hiyo ikijazwa pomoni inadumu kama sekunde 16. Ya kwangu haiko mbali na hapo.

Jioni niliyoijaribu kwa mara ya kwanza niliiwasha kisha nikaacha makusudi kuilisha. Kwenye kiwambo cha laini ya siriali, waya unaoleta maandishi ya bodi kwenye kompyuta yangu, maandishi yalikuwa yakishuka kama kawaida, kisha yakakatika katikati ya neno. Kimya cha pumzi moja. Halafu mstari wa kwanza kabisa wa kipakiaji, programu inayoiamsha kerneli, juu kabisa, mashine imezaliwa upya. Nilirudia hadi majirani wakaanza kuswali Isha.

Nikadhani kazi imekwisha.

## Nani aseme "nipo"

Kiendeshi kilikuwa kinafanya kazi, lakini swali la Mzee lilikuwa palepale. Saa imepatikana, nani ailishe?

Njia rahisi ni kuilisha kutoka ndani ya kerneli, kwenye katizo la saa. Haikosi hata siku moja, haina programu ya kuandika. Ubaya wake ni kwamba ndiyo taa ileile ya kijani, imebadilishwa jina tu. Usiku ule wa Ngomeni, saa ya ulinzi inayolishwa hivyo ingelishwa mpaka asubuhi, samaki wakioza pembeni.

Njia ya pili ndiyo utakayoikuta kwenye mifano mingi: programu ndogo nje ya kerneli, yenye kitanzi cha kulala sekunde tano, kulisha, kulala tena. Hii inathibitisha zaidi kidogo, kwamba kerneli bado inagawa zamu kwa michakato. Lakini programu yenyewe imeshapakiwa kwenye kumbukumbu na haigusi kadi kabisa. Kadi inaweza kufa na yenyewe isijue. Ni soja wa usiku aliyeajiriwa kupiga filimbi kila saa, akagundua kwamba filimbi inapigika vizuri tu akiwa amejilaza kwenye mkeka. Mwenye nyumba analala raha mustarehe kwa sababu anaisikia.

Kwa hiyo anayelisha lazima awe yuleyule anayefanya kazi, na alishe baada ya kazi. Nikaandika upya programu ya kupima hivi: soma kipima joto, hakikisha namba ina maana, iandike, lazimisha maandishi yafike kwenye kadi yenyewe, halafu ndipo ulishe. Kadi ikigoma, programu inaganda kwenye hatua ya kuandika, chakula hakifiki, saa inamaliza.

Hapo nikasita kwenye jambo moja kwa muda mrefu kuliko yote. Je, kutuma ujumbe kuwe sehemu ya masharti? Kwa Mzee ujumbe ndio kazi yenyewe; yeye hana haja na rekodi zangu. Lakini mtandao wa simu kule una siku zake. Ukipotea usiku kucha, mashine nzima isiyo na kosa ingekuwa inajiua kila dakika kwa kosa la mnara. Nikaukataa. Kitu kisichoweza kuponywa kwa kuwashwa upya hakifai kuwa sababu ya kuwasha upya. Modemu, kifaa kinachotuma ujumbe kwa mtandao wa simu, nikaipa utaratibu wake wa pembeni: ikishindwa, izimwe na kuwashwa yenyewe, mashine iachwe.

Muda nao ulikuwa mtihani. Napima kila dakika, saa inadumu sekunde 16. Mfumo wa kerneli unaruhusu uombe muda mrefu kuliko uwezo wa chipu: unasema sekunde 90, na kerneli inailisha chipu kwa niaba yako katikati, mpaka hizo 90 zikiisha bila wewe kutokea, nayo inaacha. Mara ya kwanza nilipolisoma hilo sikulipenda, kwa sababu kerneli inarudi kwa mlango uleule tuliomfukuzia. Tofauti ni kwamba sasa udhamini wake una kikomo. Hata kerneli yenyewe ikiganda, sekunde 16 zinatosha kuimaliza.

Kuna na mwanya wa wakati wa kuamka. Kipakiaji kikiiwasha saa mapema, kerneli itailisha mpaka programu ifungue faili. Programu isipofungua kabisa je? Kuna kigezo cha kerneli, watchdog.open_timeout, kinachoweka kikomo cha kungoja. Ukikiacha sifuri, itangoja milele. Mtu akiniuliza ni mstari gani mmoja asisahau, nitamtajia huo.

## Herufi V

Jambo moja katika muundo wa Linux lilinifanya niwaheshimu waliotangulia. Programu ikifunga faili la saa, kerneli itajuaje kama imefunga kwa hiari au imekufa? Ikiua saa kila faili linapofungwa, basi programu iliyoanguka inaizima saa iliyowekwa kuikamata. Ikikataa kabisa, fundi hawezi kusimamisha programu kuikarabati.

Suluhisho lao: anayeondoka kwa hiari aandike kwanza herufi V, kisha afunge. Aliyeondoka bila V amekufa, na saa inaendelea kuhesabu. Mchakato ulioanguka hauna nafasi ya kuandika chochote, kwa hiyo hauwezi kuaga kwa bahati mbaya. Na kwa wasiotaka mchezo kuna chaguo la nowayout: saa ikishaanza, hakuna V wala ombi litakaloisimamisha. Mezani Malindi nimeliacha limezimwa. Ngomeni limewashwa.

## Waliotangulia kufika mbali

Ukisimama ufukweni Ngomeni unaona majukwaa ya Waitaliano baharini, San Marco. Kule ndiko iliporushwa, kwa roketi ya Scout, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, tarehe 12 Desemba 1970; ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya Kenya kusherehekea uhuru wake. Wazee wa kijiji wanayazungumza majukwaa yale kama watu wa kwingine wanavyozungumza reli. Mimi nikiyatazama nawaza jambo la kifundi: kikishapaa, hakuna mtu wa kuchomoa waya na kuchomeka tena.

Visa viwili vya vyombo vya Marekani vilinisumbua nilipokuwa nikiandika kodi hii. Clementine ilirushwa Januari 1994, ikaupiga picha Mwezi kwa mafanikio, kisha tarehe 7 Mei kompyuta yake ikakosea na injini ndogo zikafyatuka mpaka mafuta yakaisha. Safari ya kwenda kwenye asteroidi Geographos ikafa hapo. Kompyuta ile ilikuwa na saa ya ulinzi ndani yake. Programu haikuwa ikiitumia.

Nilipokisoma nilikumbuka chipu yangu na rejista zake ambazo hakuna kodi iliyozigusa.

Pathfinder ni kinyume chake. Ilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na muda si mrefu ikaanza kujiwasha upya yenyewe, ikipoteza kazi ya siku. Kazi ya daraja la chini, ya hali ya hewa, ilikuwa ikishika kufuli la pamoja, linaloruhusu kazi moja tu kwa wakati kutumia kitu fulani. Kazi ya daraja la juu, inayosimamia njia kuu ya data, ikalingoja. Katikati zikaingia kazi za daraja la kati zisizohusika na kufuli lile, zikaichukua prosesa, ya chini ikashindwa kumaliza na kuliachia. Ulinzi ukaona kazi ya juu haikukamilika kwa wakati, ukaanzisha mfumo upya. Timu ya programu chini ya Glenn Reeves ilikizalisha tena kisa hicho kwenye nakala waliyokuwa nayo duniani, wakawasha urithishaji wa daraja kwenye kufuli hilo (anayelishika hupandishwa kwa muda hadi daraja la anayelingoja), wakatuma marekebisho Mirihi.

Wengi wakisimulia kisa hiki wanasifia kufuli. Mimi kilichonigusa ni kwamba ulinzi ulifanya kazi yake barabara na bado ugonjwa ulikuwepo kila siku. Wasingekuwa na rekodi za kuufuatilia, chombo kingeendelea kujiwasha tu.

## Maneno ya mwisho

Hapo ndipo nilipobadilisha mpango. Saa iliyokuwa imenifurahisha kwenye laini ya siriali ilikuwa, kwa hakika, mashine ya kufuta ushahidi. Ingeganda saa tisa usiku, ingeamka saa tisa na dakika mbili, na asubuhi Mzee angenipigia kuniambia mambo ni mazuri.

Chipu yangu ina hatua mbili: sekunde chache kabla ya mwisho inaweza kupeleka katizo, kisha ndipo inaua. Kerneli inaliita tukio hilo onyo la awali, na unaweza kuiamuru ijiangushe rasmi pale, ikiorodhesha kila kitu. Orodha haiwezi kuandikwa kwenye kadi, maana kadi ndiyo iliyokufa. Inaandikwa kwenye kipande cha kumbukumbu kilichotengwa, kwa utaratibu wa ramoops, ambacho hakifutiki kwa riseti mradi umeme wake haujakatika.

Na hapo nikakutana na mkorogo. Riseti ya prosesa haiizimi kadi ya memori. Kadi ina umeme wake, na kama imejifungia ndani itabaki hivyohivyo. Prosesa inaamka, inaigongea, haifunguliwi. Saa imefanya kazi na mashine bado imekufa. Nililazimika kuongeza transista inayokata umeme wa kadi riseti inapotokea, bila kuugusa umeme wa kumbukumbu. Kadi isahau yote, kumbukumbu isisahau kitu, kwenye bodi moja, ndani ya nusu sekunde.

Ilipoganda tena, ikaamka na barua yake mkononi.

Michakato yote ilikuwa imekwama kwenye kadi, kama nilivyotarajia. Nisichotarajia ni mstari wa juu yake: modemu ilikuwa imewashwa sekunde moja kabla. Modemu za namna hii zinaponguruma kutafuta mnara huvuta mikupuo ya umeme inayoweza kufika ampea 2. Kisanduku kinategemea paneli ya jua na betri ndogo, na kuelekea alfajiri betri imechoka. Modemu inavuta, volti zinaanguka, kadi iliyokuwa katikati ya kuandika inazimia. Na programu yangu huandika kwenye kadi kwamba inakwenda kutuma ujumbe, kabla ya kuutuma.

Kwa hiyo usiku ule kisanduku kiliona joto likipanda. Kilifungua kinywa kusema, na kule kufungua kinywa ndiko kulikokiua.

Waya mnene zaidi na kapasita kubwa kando ya modemu vimetosha. Havikugharimu kitu cha maana. Saa ya ulinzi peke yake isingenifikisha hapo hata kwa miaka kumi. Kila inapowaka sasa, kiendeshi kinasoma sababu ya riseti, na kama ni saa iliyoua, ujumbe wa kwanza wa asubuhi unakuja kwangu, hauendi kwa Mzee.

## Vijana wanataka zaidi

Nilipompelekea Mzee kisanduku kilichorekebishwa, taa ya kijani nilikuwa nimeikabidhi kwa programu ya kupima: inawaka mara moja rekodi inapofika kwenye kadi, basi. Aliitazama akangoja dakika nzima. "Hii ya sasa ina uvivu," akasema, lakini akairidhia nilipomweleza inangoja nini.

Vijana wa kikundi wana wazo jingine. Wanataka kisanduku kisiishie kupima, kiiwashe na kuizima friza chenyewe kwa relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, waokoe stima. Nimekataa kwa sasa, na tumebishana. Hoja yangu ni kwamba mashine yenye saa ya ulinzi ni mashine iliyokubali kuuawa wakati wowote. Riseti inapopita, pini zake zinalegea, relei inaachia, friza inazima. Sekunde chache baadaye programu imeamka na kuiwasha tena. Kompresa iliyozimwa haitaki kuamshwa papo hapo, inahitaji dakika kadhaa shinikizo la gesi lishuke. Ikirudiwa mara nyingi inaungua, na kompresa ni ghali kuliko kila nilichokitengeneza mimi.

Mmoja wao alinijibu vizuri: weka friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji, baina ya relei na friza, icheleweshe yenyewe kila umeme unaporudi. Ni kweli, ingefaa, mradi ucheleweshaji wake uwe wa dakika zinazotosha na uwe unahesabu upya kila mara. Nimemwomba aipate moja tuipime kwanza na feni mezani kwangu, nikiriseti bodi mfululizo. Amesema atauliza bei mjini.